Kurasa Zilizofunguka Zenyewe

Mzee Salehe alizikwa Jumatano, na Alhamisi nilirudi nyumbani kwake hapa mjini Singida kukaa na wafiwa. Nilikaa upande wa wanaume, chini ya turubai, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa jiko la nje. Ukuta ule una matundu ya kutolea moshi, na kupitia matundu hayo niliwasikia wanawake wakimenya vitunguu. Walizungumza mambo ya kawaida ya msibani: nani amefika kutoka Kondoa, nani hajaonekana, mchele wa jana ulikuwa na mawe. Kisha mazungumzo yakapungua. Nikasikia mtu anaingia, anasalimia, anatua kitu kizito, anaeleza kwamba ameleta ndoo mbili za mafuta ya alizeti na kwamba anakwenda kwanza kumpa pole mjane, halafu atarudi kusaidia. Sauti niliijua mara moja. Alipotoka, mwanamke mmoja akauliza polepole, "Huyu si ndiye yule wa mashine?" Mwingine akajibu, "Ndiye. Inafunguka yenyewe." Wakacheka, kwa namna watu wanavyocheka msibani, midomo imefungwa.

Mwanamke aliyeleta mafuta anaitwa Zaituni. Maneno "inafunguka yenyewe" aliyasema yeye, mara moja tu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mbele ya duka la Mzee Salehe, na alikuwa anasema kweli. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuonyesha kwamba ni kweli nilikuwa mimi. Nitaeleza nilichofanya Alhamisi ile baada ya kuwasikia wanawake wale, lakini hakitaeleweka bila mwaka wenyewe, kwa hiyo nauandika mwaka wenyewe, kwa utaratibu ninaoutumia kazini. Natengeneza kompyuta na printa. Mteja akiniletea mashine naandika kwanza ilivyokuwa ilipokuwa nzima, halafu kilichoharibika, halafu sababu. Sababu ndiyo watu wengi hupenda kuiruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka Ilongero na cheti cha kidato cha nne na vitabu viwili vya kompyuta ambavyo nilikuwa nimevisoma hadi majalada yakatoka. Mzee Salehe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na chumba cha nyuma alikifanya kafe ya intaneti. Ili mteja afike kwenye kompyuta alipita katikati ya mabomba, ndoo za rangi na magunia ya saruji, na akikaa unaona alama za viatu vyake nyeupe sakafuni. Mashine zilikuwa sita, za mitumba, zimepangwa kwenye meza ndefu iliyotengenezwa na seremala wa milango, kwa hiyo ilikuwa imara kuliko ilivyohitajika. Mashine namba moja ilikuwa kaunta, skrini yake ikitazama mlangoni. Chumba kilinuka rangi ya mafuta na vumbi lililopashwa moto na kompyuta, na hadi leo nikipita nyuma ya duka la rangi mwili wangu unadhani nimechelewa kazini.

Zaituni alikuwa anashika zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Alikuwa binti wa Unyambwa, mdogo kwangu kwa miaka miwili, na aliandika kwa kibodi haraka kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Walimu walimletea barua zao za uhamisho azichape kwa sababu alirekebisha na makosa bila kuwaambia. Saa saba, zamu zikipishana, tulikula pamoja kwenye kona ya mabomba. Yeye alileta ugali wa uwele na mlenda kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa, mimi nilinunua dagaa wa kukaanga kwa mama lishe wa nje. Mwezi wa Ramadhani alifunga, lakini hakuacha kuja kwenye kona ile wakati wa makabidhiano. Nilipojaribu kwenda kula nyuma ya magunia alinirudisha. "Kaa ule hapahapa, kaka Yohana," aliniambia. "Unadhani funga yangu inavunjwa na dagaa wako?" Mwaka ule pia ilikuwa imeletwa kwao barua ya posa, kutoka kwa wazazi wa mwalimu mmoja. Hakuwa msemaji wa mambo hayo. Nilijua tu kwa sababu alianza kuniuliza bei ya mabati, akazunguka zunguka, mwisho akakiri kwamba mwalimu yule anajenga.

Tatizo letu lilikuwa kasi. Mteja alifungua barua pepe, akatoka nje, akanunua karanga, akarudi, akakuta ukurasa uko nusu. Vijana walituuliza kama intaneti yetu inaletwa na punda. Mimi nililiona jambo hilo kama deni langu binafsi, kwa kuwa nilikuwa najiita fundi na kila mtu alikubali kuniita hivyo. Nikatafuta, nikapata programu ya bure iliyoahidi kuongeza kasi ya intaneti mara kadhaa. Niliipakua siku ya Jumanne asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nikaiweka kwenye mashine tano. Ya sita ilikuwa imeungua sehemu ya umeme, imezimwa. Wakati wa kuiweka, programu ilileta maandishi marefu ya masharti kwa Kiingereza na kuniuliza kama nakubali. Mimi niliyekuwa nasoma kila kitu, hadi karatasi zinazofungiwa betri, sikuyasoma yale. Nilibonyeza kukubali mara tano. Kisha nikaandika kwenye kaunta buku langu, daftari gumu la kumbukumbu za kazi: Jumanne, kiongeza kasi, mashine 1 hadi 5, nikaweka sahihi.

Siku mbili tatu za kwanza kila mtu alisema kasi imeongezeka. Sijui kama iliongezeka kweli au watu walikuwa wanapenda kuamini. Mzee Salehe alifurahi. Alikuwa mtu mwenye maneno machache na kofia safi, na siku ile alinishika bega mbele ya wateja wa saruji akasema kwamba mwakani atanipeleka Dodoma nikasomee cheti cha kompyuta, kwa gharama yake. Niliandika barua nyumbani Ilongero siku hiyohiyo.

Lazima nieleze jambo jingine, kwa sababu bila hilo madhara yangekuwa madogo. Miezi michache kabla, Mzee Salehe alikuwa ameniuliza kuna njia gani ya kujua mashine zinatumikaje yeye asipokuwepo. Nilimwonyesha kwamba kivinjari, yaani ile programu inayofungulia kurasa za intaneti, kinatunza orodha ya kila ukurasa uliofunguliwa, pamoja na siku na saa. Nilimfundisha kuifungua na kuisoma. Alivaa miwani yake akaifuata orodha kwa kidole kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Akaniuliza kama mtu anaweza kuandika uongo humo. Nikamwambia, na nakumbuka nilivyojisikia mkubwa nikisema hivyo, kwamba binadamu anaweza kudanganya lakini orodha hii inaandikwa na mashine yenyewe.

Wiki ya pili baada ya Jumanne ile, nilifungua kivinjari mchana nikakuta ukurasa wa mwanzo umebadilika. Badala ya ule niliokuwa nimeuweka, ulikuja ukurasa wa kutafutia vitu, wa kigeni, wenye rangi nyingi, na juu yake mstari wa vitufe ambavyo sikuviweka mimi. Nilirudisha ukurasa wetu. Kesho yake ulikuwa umebadilika tena. Nikarudisha tena. Sikumwambia mtu. Naandika hili kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba hadi siku ya tukio sikuwa nimeona dalili yoyote. Niliona. Nilidhani ni dosari ndogo, na sikutaka mtu ajue kuna dosari kwenye kazi iliyonipatia Dodoma.

Tukio lilikuwa Ijumaa, kabla ya swala. Mzee Salehe aliingia na shemeji yake kutoka Kondoa, mtu mzima anayeheshimika msikitini kwake, aliyetaka kumtumia mwanawe barua pepe. Zaituni aliwapisha kwenye mashine ya kaunta, akasimama pembeni. Mimi nilikuwa nimefika mapema, nafungua ile mashine ya sita mgongoni. Waliandika, wakatuma, Mzee akafunga dirisha la barua pepe kwenye skrini. Nyuma ya dirisha lile kulikuwa na jingine ambalo hakuna aliyekuwa ameliona linafunguka, na ndani yake picha ya mwanamke asiye na nguo, kubwa kama skrini yenyewe, ikitazama mlangoni. Mzee akafunga. Nyuma yake kulikuwa na nyingine. Shemeji alisema kitu kimoja tu, kwamba adhana imekaribia, akatoka akipita katikati ya mabomba bila kugusa chochote.

Jumamosi asubuhi Mzee alikuja na miwani yake. Alifungua orodha kama nilivyomfundisha, akaisoma siku baada ya siku, wiki nzima. Kurasa chafu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilikuwa za kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Leo ninaelewa kwa nini. Programu ile ilikuwa inasubiri mashine ikae dakika kadhaa bila kuguswa ndipo ifungue kurasa zake kimyakimya, na asubuhi wateja wetu walikuwa wachache. Mchana, kwenye zamu yangu, mashine zilikuwa zimejaa watu, haikupata nafasi. Lakini kwa mtu anayesoma orodha kwa kidole, orodha ilikuwa inasema jina la Zaituni.

Alimwita mbele ya duka, sio ndani, kwa sababu alikuwa na desturi ya kutozungumza na binti peke yake chumbani. Aliona ni heshima. Kwa hiyo waliokuwepo walisikia: wabeba saruji, wateja wawili, fundi cherehani wa barazani, na mimi niliyekuwa nimekuja mapema tena kwa ajili ya mashine ya sita. Mzee hakupaza sauti. Alimuuliza ni nani huwa anakaa kwenye mashine asubuhi. Zaituni akajibu ni yeye. Akamuuliza nani amefungua kurasa zile.

"Mzee wangu, mimi sijafungua," Zaituni alisema. "Inafunguka yenyewe."

Mbeba saruji mmoja akacheka. Mzee akageuka kunitafuta. "Yohana, wewe ndiye fundi. Mashine inaweza kufungua kurasa yenyewe?"

Zaituni alinitazama. Hakuwa na wasiwasi bado. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme jambo la kawaida ili wote warudi kazini.

"Sijawahi kuona," nikasema.

Kwa maana finyu kabisa ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona ukurasa wa mwanzo ukibadilika wenyewe, sikuwa nimeona ukurasa ukifunguka wenyewe. Nimekuwa mtu wa kupima maneno maisha yangu yote, na jibu lile limenifanya niogope ustadi huo. Zaituni aliingia ndani, akachukua chombo chake cha plastiki na mtandio wake, akamwambia Mzee shikamoo, akaondoka. Shikamoo ile haikuwa ya dharau. Ilikuwa ni saa tatu asubuhi na alikuwa hajamsalimia.

Mji wetu ulikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Kabla ya wiki kwisha vijana wa stendi walikuwa wanalisema neno lake kama utani. Mlango ukikwama, mtu akilewa, sufuria ikifurika: inafunguka yenyewe. Alipopita sokoni walimwimbia. Nilimsikia muuza nyanya akimwambia mwenzake kwamba binti mwenyewe alikuwa na sura ya upole, kumbe. Waliomletea posa walikaa kimya wiki mbili, kisha wakatuma mtu kusema kwamba kijana wao ameamua kumaliza kwanza ujenzi. Kwao Unyambwa mama yake aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Mwishoni wakampeleka Iguguno, kwa mama yake mdogo, na Zaituni hakuonekana tena mjini mwaka ule.

Mimi nilipewa zamu zote mbili. Siku ya kwanza peke yangu asubuhi, nilikwenda kununua chai, nikarudi, nikaifungua ile orodha. Kurasa tatu, saa mbili na dakika arobaini. Nilikaa chini. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa kwamba Zaituni hakufanya. Niliwaza kwamba Mzee akisoma hii atadhani ni mimi. Nikazifuta kurasa zile kwenye orodha. Nikafanya hivyo kila siku kabla ya saa sita, kabla Mzee hajaja na miwani yake, na Mzee alipoona orodha ni safi aliamini kwamba uchafu umeondoka na mwenye nao. Kila nilipofuta nilikuwa nafuta ushahidi wake. Nilijua hivyo kufikia siku ya tatu au ya nne.

Kuzitengeneza mashine kulinichukua majuma matatu, na nitaeleza kwa kifupi kwa sababu ndiko nilikojifunza kazi. Niliondoa kiongeza kasi kwa njia ya kawaida. Kilikubali kuondoka, na mashine ilipowaka upya uchafu ulikuwa palepale. Nikatengeneza mashine ya sita, ambayo haikuwahi kuwekewa kitu, nikaiweka jirani na ya tano. Kwenye kaunta buku nilichora safu mbili: upande huu kila kinachoanza mashine nzima ikiwaka, upande ule kila kinachoanza mashine gonjwa ikiwaka. Kulikuwa na faili mbili zilizozidi, zenye majina ya kufanana na ya mfumo wenyewe ili mtu asiziguse. Nilipozima ya kwanza, ya pili iliiwasha. Nilipozima ya pili, ya kwanza iliiwasha. Zilikuwa zinalindana. Zilibadilisha ukurasa wa mwanzo, zilifungua kurasa, na baadaye nilikuja kujua kwamba zilikuwa zinapeleka nje kila anwani ambayo wateja wetu walitembelea. Ilikuwa programu ya kijasusi, ingawa neno hilo sikuwa nalo bado. Mwisho nilichomoa waya wa mtandao, nikawasha mashine katika ile hali ambayo inaamsha vitu vya lazima tu, nikazikuta zote mbili zimelala, nikazifuta pamoja, nikafuta na maagizo yaliyokuwa yanaziita. Nilipowasha upya ukurasa wa mwanzo ulikuwa wetu. Nilisubiri nusu saa bila kugusa kitu. Hakikufunguka chochote.

Lakini kabla ya kuisafisha mashine namba moja nilifanya jaribio, na tarehe ya faili zile ndiyo iliyonisukuma kulifanya. Zote mbili zilikuwa zimezaliwa Jumanne ile, asubuhi, saa niliyoiandika kwa mkono wangu na kuweka sahihi. Nilitaka kuwa na hakika. Ijumaa, duka lilipofungwa kwa swala, nilimwomba Mzee aniachie mashine ya kaunta ikiwa inawaka, nikasema nasafisha. Alifunga mlango wa chuma kwa funguo zake mwenyewe, akazitia mfukoni mwa kanzu, akaenda msikitini. Mimi nilikaa barazani na fundi cherehani hadi aliporudi. Mzee alipofungua niliingia wa kwanza nikachapa orodha. Kurasa saba, kati ya saa saba kasoro robo na saa saba na nusu mchana, ndani ya chumba kilichofungwa, funguo zikiwa msikitini. Niliikunja karatasi ile nikaitia ndani ya kaunta buku.

Nilipomaliza mashine zote Mzee aliniuliza nimekuta nini. Nikasema virusi. Akaitikia kwa kichwa. "Vimetokana na zile kurasa alizokuwa anafungua?" Nikamjibu, "Huwa vinatoka huko." Mara nyingine tena nilichagua maneno ambayo fundi mwingine asingeweza kuyaita uongo. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya buku, na Dodoma ilikuwa imebaki miezi minne.

Sikulala vibaya, kama watu wanavyosema katika habari za namna hii. Nililala vizuri. Kilichonisumbua ni kula. Saa saba nilikwenda kwenye kona ya mabomba na dagaa wangu, nikala haraka nikiwa nimesimama, na siku moja nikagundua nimeacha kwenda kabisa. Alizeti ilipokuwa imeshavunwa nilipanda basi la kwenda Iguguno, na karatasi mfukoni.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa kando ya barabara kuu, na uani walikuwa wanachekecha alizeti kwa ungo, upepo ukipeleka makapi hadi kwenye lami. Zaituni alikuwa amekonda. Alinikaribisha kama mgeni yeyote. Mama mdogo hakuniuliza nimefuata nini. Alitupikia ugali na kuku, akatuwekea chumba cha mbele chenye viti viwili na magunia hadi darini, akaacha mlango wazi akakaa pale anapotuona. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Kisha nikamweleza Zaituni yote, tangu Jumanne, na kumpa karatasi. Aliisoma mistari yote saba, na saa zake, kama alivyokuwa akisoma barua za walimu kabla ya kuzichapa.

"Umempelekea Mzee hii?" akauliza.

Nikasema bado, nilitaka yeye ajue kwanza.

"Nijue nini, kaka Yohana? Mimi si nilikuwepo. Mimi tangu mwanzo najua sikufungua." Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. "Mtu asiyejua yuko Singida."

Ndani ya basi la kurudi niliamua, na Jumatatu nilimfuata Mzee Salehe kwenye chumba chake kidogo alichotunzia risiti. Nilimwekea karatasi, nikafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa Jumanne. Alisoma vyote viwili, akavua miwani, akasugua macho. Sitaki msomaji amfikirie vibaya marehemu. Alikuwa mtu wa haki, na aliumia. Aliniambia, "Nilimwita mtoto wa watu mbele ya watu. Basi nitamwita tena mbele ya watu, na baba yake awepo." Nikasema ndiyo, Mzee. Akaendelea, polepole, "Watauliza kama si yeye, ni nani. Niwaambie ni wewe?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na risiti moja imeanguka, ya misumari ya nchi nne. Nimejaribu mara nyingi kukadiria nilikaa kimya kwa muda gani. Ulitosha. Mzee Salehe aliinua risiti ile, akaitia mahali pake, akanirudishia karatasi yangu.

"Haya," akasema. "Nenda kafungue, wateja wanangoja."

Hakulitaja tena jambo lile, na Dodoma nayo hakuitaja tena. Mimi sikuuliza. Miaka michache baadaye kafe ilifungwa, watu walipoanza kupata intaneti kwenye simu, nami nikaanza kutengeneza mashine za watu chini ya mwavuli nje ya posta. Ndiyo sababu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Wateja husikia hivyo wakanisifu, na mimi huwaacha wanisifu. Zaituni aliolewa baadaye hukohuko wilayani Mkalama, ilipo Iguguno, akapata watoto, na sasa ana mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba watu wamesahau. Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi Alhamisi ile, mgongo wangu ukiwa kwenye ukuta wa jiko.

Basi niliinuka. Nilizunguka turubai nikaingia upande wa wanawake, na mzee mmoja akaniita akidhani nimepotea njia ya chooni. Walikuwa kama kumi, na sinia za vitunguu magotini. Zaituni alikuwa amerudi, anawasha moto chini ya sufuria kubwa, amenipa mgongo. Mwanamke mkubwa kuliko wote alikuwa dada wa marehemu. Nilimpa shikamoo, nikawasalimu wengine, nikasema kwamba nimesikia maneno kupitia ukutani na nina la kusema juu ya maneno hayo. Nilisema: zile kurasa za dukani kwa Mzee zilifunguliwa na programu, programu ile niliiweka mimi, nilijua, na Zaituni alipofukuzwa nilinyamaza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati. Zaituni hakugeuka. Alikuwa ameshika ukuni, na ukuni ulikaa nje ya moto.

Dada wa marehemu aliweka kisu kwenye sinia. "Na ndugu yangu alikuwa anajua?" akauliza.

Nikasema alijua, na alitaka kusema, na mimi ndiye niliyemzuia.

"Kwa hiyo umengoja afe."

Wanawake walitazama vitunguu vyao. Yule niliyemsikia kupitia ukutani akisema "inafunguka yenyewe" alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano hivi. Siku zile alikuwa bado mtoto mchanga. Neno alilikuta mjini kama alivyozikuta barabara.

Ndipo Zaituni aliposukuma ukuni motoni, akajifuta mikono, akageuka. Nilidhani atalia au atanitukana, nami nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alinitazama juu hadi chini, mwanamke mtu mzima mwenye unga wa jivu kwenye nyusi, na akazungumza nami kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Waume wetu na wana wetu wako upande ule," akasema. "Hawa hapa wamesikia. Nenda ukawaambie na wale, useme hivyohivyo, kwa jina langu na jina lako."

Nilivuka kurudi chini ya turubai. Mazungumzo ya wanaume yalikuwa juu ya bei ya saruji. Sikukaa kwenye mkeka wangu. Nilisimama katikati, mahali ambapo msibani husimama mtu mwenye tangazo, nikangoja wanyamaze, na walipochelewa kunyamaza nikaanza kusema.